Zawadi za Mamajusi na Maana Yake

Kila mwaka, siku ya Noeli inapokaribia, maduka ya mijini hujaa watu, na mabasi yaendayo mashambani hupakiwa mizigo mingi. Karani humnunulia mkewe kitambaa cha nguo. Mkulima aliyekwisha kupokea fedha za kahawa yake huwapelekea watoto viatu. Na mzee aliye nyumbani hungojea sukari na blanketi kutoka kwa mwanawe. Desturi hii ni njema. Lakini si wengi waikumbukao asili yake, na kwa kuisahau, nyumba nyingi huingia mwezi wa Januari zikiwa na deni, na karo ya watoto haijapatikana.

Asili yenyewe imo katika Injili ya Mathayo, sura ya 2. Mamajusi, yaani watu wenye elimu ya nyota, walitoka mashariki wakaifuata nyota hata Bethlehemu, wakamtolea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane. Watu wengi hudhani kwamba Mamajusi hao walikuwa wafalme watatu. Injili haikutaja hesabu yao, wala haikusema kwamba walikuwa wafalme. Zilizo tatu ni zawadi, na kila moja ina maana yake. Maana hizo zilifundishwa tangu zamani sana, kwa kuwa Irenaeus, askofu wa Lyons katika Ufaransa, alizieleza katika karne ya 2.

Dhahabu ni mali ya wafalme. Kumpa dhahabu mtoto wa seremala ni kukiri kwamba yeye ndiye mfalme, hata kama hana kiti cha enzi wala askari.

Uvumba huo ndio ubani, ambao watu wa pwani wanaujua sana. Ni utomvu wa mti uotao katika nchi kavu za Somalia, Yemen na Dhofar katika Oman. Mchumaji hulichanja gome, na utomvu hutoka kama machozi, kisha hukauka. Katika hekalu la Wayahudi ubani ulifukizwa mbele za Mungu. Kwa hiyo kumpa mtoto zawadi hiyo ni kumkiri kuwa Mungu. Tena harufu yake haienei sawasawa mpaka utiwe katika makaa ya moto, kama vile sala ya mtu isivyo na nguvu ikiwa moyo wake ni baridi.

Manemane nayo ni utomvu, wa mti wa miiba uotao Arabuni, Uhabeshi, Somalia na hata kaskazini mashariki ya Kenya. Ladha yake ni chungu, na watu wa kale waliitumia katika maziko. Zawadi hii ni ya ajabu kupewa mtoto mchanga! Lakini Marko aandika kwamba Yesu alipokuwa akisulibiwa alipewa divai iliyotiwa manemane, naye akaikataa. Na Yohana asema kwamba Nikodemo alileta manemane na udi, uzani wa ratili kama 100, kwa ajili ya maziko yake. Basi kivuli cha msalaba kilikuwako tangu siku za utoto wake.

Yafaa pia kuangalia utaratibu wa mambo. Mamajusi hawakuanza kwa kufungua hazina zao. Kwanza walianguka wakasujudu, ndipo wakatoa. Mtu hujitoa nafsi yake kwanza, na kitu hufuata baadaye. Tena walimpa mtoto asiyeweza kuwalipa chochote. Zawadi itolewayo ili irudishwe ni mkopo, na ile itolewayo ili majirani wastaajabu ni matangazo ya biashara.

Wala asidhani mtu maskini kwamba mlango umefungwa kwake. Sheria ya Musa ilimwamuru mwanamke aliyejifungua kutoa mwana-kondoo, lakini asiyekuwa na uwezo aliruhusiwa kutoa ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Luka aonyesha kwamba sadaka ya Yusufu na Mariamu ilikuwa hiyo ya ndege. Nyumba iliyoletewa dhahabu ilikuwa nyumba ya watu maskini, wala Mungu hakuidharau sadaka yao. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kwa hiyo baba asiyekuwa na fedha asikope ili apate kusifiwa siku moja, kisha watoto wake wakarudishwa kutoka shuleni. Dhahabu yake na iwe kumlipa kibarua haki yake kabla ya sikukuu. Ubani wake na uwe sala anayoiongoza jioni pamoja na jamaa yake. Manemane yake na iwe kumtembelea mgonjwa au aliyefiwa, au kwenda kwa ndugu waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba na kusema neno la kwanza la amani, hata likiwa chungu kinywani.

Mamajusi walipokwisha kutoa zawadi zao, walionywa katika ndoto wasimrudie Herode, nao wakaenda kwao kwa njia nyingine. Aliyetoa kwa moyo wake wote haimpasi kurudi kwa njia ile ile aliyoijia.