Tarehe ya Chanjo Isigeuzwe na Simu
Mtoto wa Ziwa la Ng'ombe aliyezaliwa 03/04/2025, yaani tarehe 3 Aprili, hupata chanjo ya kwanza ya surua akitimiza miezi 9: tarehe 3 Januari 2026. Programu ya simu inayosoma kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia, itamwita mapema, tarehe 4 Desemba 2025. Kosa hili hujificha siku isipozidi 12.

Vijana wanaounda programu za Android au iPhone wanashauriwa kutaja mpangilio wa maandishi hayo: dd/MM/yyyy. MM kubwa ni mwezi. Nayo mm ndogo ni dakika. Tarehe ihifadhiwe mwaka ukitangulia: 2025-04-03.

Wazazi wanahimizwa kulinganisha tarehe ya simu na ya kijitabu cha kliniki. Zikitofautiana, wafuate kijitabu.