Usimpige kwa Ndara, Mhesabu Miguu Kwanza

UMEWAHI, ndugu msomaji, kuingia stoo usiku kuchota mahindi, ukamulika tochi ukutani na kumkuta kiumbe aliye bapa kana kwamba amekanyagwa na gari, miguu ameitandaza huku na huko, na nyuzi mbili ndefu zikipapasa ukuta polepole? Bila shaka mkono wako ulikwenda moja kwa moja kwenye ndara.

Ndivyo ilivyotaka kuwa Jumamosi moja nilipokuwa mgeni wa familia moja katika vilima vya Mua, Machakos. Susu, yaani nyanya mwenye boma, alikuwa tayari ameinua ndara.

"Ondokeni hapo, huyo ni nge!"

Mjukuu wake wa kidato cha pili, aliyekuja likizo kutoka Nairobi, akamzuia. "Susu, ngoja kidogo. Nge ana mkia. Wa huyu uko wapi?"

Susu akainama, akatazama. Mkia haukuwapo.

Kijana alisema kweli. Kiumbe huyo si nge, wala si buibui hasa, ingawa wote watatu ni wa ukoo mmoja. Wataalamu humwita amblipigi. Wanaomfuga Ulaya na Marekani humwita buibui-mjeledi kwa sababu ya zile nyuzi mbili, ambazo kwa hakika ni miguu. Anayo minane kama buibui, lakini hutembelea sita tu. Miwili ya mbele imekuwa myembamba kama uzi, naye huitumia kugusa na kunusa gizani, kama kipofu na fimbo yake. Mbele ya kinywa ana mikono miwili yenye miiba, ameikunja kama vunjajungu. Ukimsogelea hukimbia kwa ubavu kama kaa, akapenya kwenye ufa ambao hata shilingi ungeiona haipiti.

Na sumu? Hana. Hana mwiba wa kuchoma, wala hafumi utando. Ukimbana mkononi anaweza kukudunga kwa miiba ya mikono yake kama mti wa waridi unavyofanya, basi. Lakini usidhani nakupa ruhusa ya kushikashika kila utakachokiona ukutani! Nge wapo, na wanauma. Mwenye mkia uliopinda juu ya mgongo, mwache, na watoto wavae viatu usiku.

Hapa Kenya na kwa jirani zetu Tanzania anayejulikana zaidi ni yule aitwaye Damon diadema, jina ambalo asili yake ni maandishi ya Mfaransa Eugène Simon ya mwaka 1876. Kiwiliwili chake ni kama sentimita 3 tu, ila akinyoosha ile mijeledi anaweza kujaza sahani ya chakula. Hukaa mapangoni, chini ya mawe na magome, na penye giza popote. Vijana waliotazama filamu ya Harry Potter ya mwaka 2005 wamekwisha kumwona bila kujua: yule mdudu aliyechezewa kwa uchawi darasani aliundwa kwa kumwiga huyu.

Lililomgusa Susu ni habari za malezi. Mama hubeba mayai chini ya tumbo kwa miezi kadhaa, kisha watoto, weupe kama maziwa, humpanda mgongoni mpaka wajivue ngozi mara ya kwanza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Linda Rayor na Lisa Taylor, walichapisha waliyoyaona kwa Damon diadema waliofugwa: mama akikaa katikati ya wanawe na kuwapapasa kwa mijeledi, nao wakipapasana. Walipotawanywa katika kasha geni, walitafutana wakakaa pamoja tena.

"Kumbe naye ni mama wa watu," akasema Susu, na ndara ikarudi mguuni.

Hapo ndipo tatizo la pili lilipoanza. Kijana alikuwa na chupa tupu ya jemu, na rafiki yake wa shule alikuwa amemwambia kwamba wazungu hununua viumbe kama hawa. Ni kweli, hununua. Lakini katika chupa ya jemu angekufa. Mnyama huyu hujivua ngozi akiwa ananing'inia kichwa chini, na hata akiwa mzima huendelea kujivua. Anahitaji kasha refu kwenda juu, mara mbili ya urefu wake au zaidi, lenye gome la kusimama wima, giza, unyevu, na nyenje au mende wa kula. Akikosa nafasi ya kuning'inia hutoka ngozini amepindika, au hatoki kabisa.

Kisha kuna sheria, na hapa nilimkalisha chini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haihusu ndovu na simba peke yao. Kiumbe yeyote wa mwituni wa asili ya nchi hii yumo, na kumfuga au kumuuza bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa. Unadhani ni mzaha? Mnamo Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa JKIA iliwatoza watu wanne, wawili wao vijana wa miaka 19 kutoka Ubelgiji, shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja. Kosa lao lilikuwa sisimizi, msomaji, maelfu ya sisimizi, wengi wakiwa wamewekwa katika vichupa vyenye pamba.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akaiweka chupa, akachukua simu, akapiga picha tatu na kuchora ile mikono yenye miiba kwenye daftari lake la bayolojia. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, mpeleke pia katika Makumbusho ya Taifa pale Nairobi akaone wadudu.

Asubuhi tulirudi stoo na tochi. Alikuwa palepale juu ya mlango, na mende mmoja amemkumbatia kwa miiba. Susu alimtazama akila mpaka chai ikapoa.