Sinema ya mwezi mara moja: inatumika namna gani, na inagusa Kanyaruchinya kwa nini?

Wakaaji wa Kanyaruchinya wamepigwa picha mara mingi. Mwaka 2012, wakati wa vita vya M23, maelfu ya wahami walijaa kando ya barabara ya Goma–Rutshuru. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano Nyiragongo ikalipuka na lava ikakata barabara ileile. Tangu 2022 wahami wakarudi tena chini ya shitingi, mpaka vita vilipofika Goma mwanzoni mwa 2025. Kila mara kamera zilikuja, zikachukua sura za watu, zikaenda nazo. Lakini mama mwenye sura ile, ni wapi atakaa na majirani wake aangalie filme na aseme: hapa mumesema kweli, hapa hapana?

Jibu moja ni sinema ya mwezi mara moja, ile wanaita sine-klabu.

Sine-klabu si sawa na ile nyumba ya video ya kwartie, mahali vijana wanalipa franga kidogo waone filme za vita ao mupira. Pale filme inaisha, watu wanatoka. Kwa sine-klabu, kikundi kinachagua filme moja kwa mwezi, mara mingi filme ambayo haipiti kwa televizyo: ya Senegali, ya Irani, ya Kongo yenyewe. Mtu mmoja anaeleza kidogo mbele ya kuanza. Kisha filme, watu wanabaki na kuzungumza. Mazungumuzo ndiyo nusu ya kazi.

Goma inajua jambo hili. Kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji wa filme Petna Ndaliko Katondolo, kimefundisha vijana wa mji sinema, muziki na dansi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kilipanga pia festivali ya filme, iliyoitwa kwanza Salaam Kivu, kisha Congo International Film Festival. Vijana wa hapa waliona kazi za mbali, na walionyesha zao.

Kuna sababu ya zamani pia. Wakati wa Wabelgiji, mwenyeji hakuchagua filme ya kuona, wakubwa ndio walimchagulia. Mapadri nao walitengeneza filme za kufundisha watu. Kwa Kivu, kazi hiyo ilifanywa Bukavu na Africa-Films. Watu kukaa pamoja na kujichagulia filme, hilo si jambo dogo.

Na filme za kuchagua ziko. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alipata zawadi kubwa ya FESPACO kule Ouagadougou mwaka 1999 na filme Pièces d'identités. Dieudo Hamadi wa Kisangani alitoa En route pour le milliard mwaka 2020. Filme hiyo inafuata watu walioumizwa na vita ya siku sita ya Kisangani, mwezi wa sita 2000, wakati jeshi la Rwanda na la Uganda yalipigana ndani ya mji. Wengine walikatwa miguu, wengine mikono. Wanapanda mashua, wanateremuka muto Kongo mpaka Kinshasa, kudai malipo yao. Mwezi wa pili 2022, korti ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile. Kwa mtu aliyepoteza shamba ao nyumba, filme kama hii inafungua ulizo la wazi: sisi tutadai kwa nani, na kwa njia gani?

Shida ya kwanza ni lugha. Filme mingi za namna hii ziko na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Mwenye hakusoma anabaki nje. Afrika ya Mashariki ilipata dawa zamani: Kampala kuna ma-VJ, Kenya kuna DJ Afro, watu wanaoeleza filme kwa sauti wakati inapita. Lakini wao wanaongeza mizaha yao. Filme ya ushuhuda inaomba mtafsiri aliyeiona mbele, mara mbili ao tatu, na anayesema kile kimesemwa tu.

Tafsiri si muchezo. Mwaka 2015, serikali ya Kinshasa ilikataza L'homme qui répare les femmes, filme juu ya daktari Denis Mukwege wa Panzi. Ilisema inachafua jeshi, na kwamba maneno ya wamama wengine yalitafsiriwa vibaya. Katazo liliondolewa kisha wiki chache. Panapokuwa watu wanaosikia Kiswahili vizuri, watajihukumia wenyewe kama tafsiri ni ya kweli.

Shida ya pili ni vyombo na saa. Kunahitajika projekta, bafle mbili, shuka nyeupe na jenereta yenye mafuta ya saa tatu. Jenereta inawekwa mbali, nyuma ya ukuta, ao makelele yake yatafunika filme. Huku giza linaingia karibu saa kumi na mbili ya jioni, na kutembea usiku si salama. Kwa hiyo ni vizuri zaidi kufanya siku ya posho mchana, ndani ya salle ya paruwasi ao ya masomo, madirisha yamefunikwa na shitingi nyeusi.

Ya tatu ni ruhusa. Filme ni mali ya mtu. Kuionyesha mbele ya watu wengi kunaomba kuandikia mwenyewe ao anayeigawanya. Bei inaweza kuzungumzwa, hasa kama watu hawalipi kuingia. Na shefu wa mahali ajulishwe mapema.

Ya mwisho ni kulinda watu. Filme ya vita inaweza kuamsha maumivu. Anayeongoza aseme mbele ni nini kitaonekana, watoto wapewe saa yao na filme yao, na mtu akitaka kutoka, asiulizwe sababu. Hapana mtu wa kulazimishwa kusema yaliyomupata. Na mwenye kutaka kusema, apewe wakati, hata kama filme ya siku ile ilitoka Irani.