Kilokalori 2.6 zilizotenganisha dawa mbili

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa kuingiza dawa mpya katika soko la Marekani hugharimu takribani dola milioni 985, zikiwemo gharama za dawa zilizofeli njiani. Dawa ikifeli kwa wagonjwa, fedha zimeshaliwa. Kwa hiyo kipimo chenye faida kubwa ni kile cha mapema, maabarani: joto.

Dawa inaponasa kwenye protini, joto hutoka au huingia, na kalorimita hulipima. Kila nguvu ya mnaso inapozidi kwa kilokalori 1.4 hivi kwa moli, dawa hushika mara 10 zaidi. Kilokalori 1.4 hupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 1.4 tu!

Chukua amprenavir ya mwaka 1999 na darunavir ya 2006, dawa mbili za VVU. Zote huziba kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kukata protini zake. Kwa umbo zinakaribiana mno. Darunavir, iliyotokana na kazi ya mkemia Arun Ghosh, ina pete moja zaidi yenye oksijeni. Pete hiyo huimarisha vifungo vya hidrojeni na uti wa kimeng'enya, sehemu ambayo virusi hushindwa kuibadilisha kwa urahisi vinapojigeuza. Joto linalotoka hupanda kutoka takribani kilokalori 7 hadi 12 kwa moli. Mnaso wenyewe, hata hivyo, huongezeka kwa kilokalori 2.6 hivi tu, kwa sababu molekuli iliyobanwa hupoteza uhuru wa kutikisika na hasara hiyo hula sehemu ya faida. Lakini hizo 2.6 zinatosha kuifanya ishike karibu mara 90 zaidi.

Indinavir ya 1996, dawa nyingine ya VVU, ilikuwa kinyume: ilinasa huku ikifyonza joto, ikitegemea zaidi kuyakimbia maji. Mnaso wa namna hiyo hupatikana kwa wepesi, ukiongeza mafuta kwenye molekuli, lakini molekuli yenye mafuta mengi haiyeyuki vizuri.

Mgonjwa wa amprenavir alimeza miligramu 2,400 kwa siku, vidonge 16. Darunavir ni 800, pamoja na 100 za ritonavir inayozuia ini lisiivunje haraka; sifa zote si za mnaso. Mwaka 2021 mchanganyiko huo ulitangazwa kwa nchi za kipato cha chini na cha kati kwa dola 210 kwa mwaka.