ABIRIA ANA HAKI YA KUSEMA
Maelezo kwa wananchi na watumishi wa Serikali juu ya mwendo wa mabasi, daladala na magari ya mizigo

Inafahamika kuwa askari wa usalama barabarani hawezi kuwamo ndani ya kila gari. Gari ikishampita, dereva hubaki na abiria wake, na aghalabu abiria hao hunyamaza hata pale nyoyo zao zinapoingia hofu. Je, kauli ya abiria ina nguvu yoyote ya kuzuia ajali? Suala hilo limefanyiwa utafiti katika nchi jirani ya Kenya.

Mwaka 2008 wataalamu wa uchumi James Habyarimana na William Jack, wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, walichagua kwa nasibu matatu za masafa marefu zaidi ya 1,000. Ndani yake vilibandikwa vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkanye dereva anayeendesha ovyo. Matatu nyengine ziliachwa bila ya vibandiko ili zilinganishwe nazo. Ili vibandiko visibanduliwe, madereva waliovihifadhi waliingizwa katika bahati nasibu.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 hayakutegemea maneno ya madereva, bali kumbukumbu za madai ya bima. Madai hayo, ambayo bila ya vibandiko yalikuwa kiasi cha 10 kwa kila magari 100 kwa mwaka, yalishuka hadi 5 au chini ya hapo. Madai yaliyohusu majeraha au vifo yalipungua kwa nusu au zaidi. Utafiti mwengine, wa magari yapatayo 12,000, ulitangazwa mwaka 2015 na ulionesha upungufu wa baina ya robo na theluthi.

Ni dhahiri kuwa kibandiko hakisimamishi gari. Kilichofanya kazi ni sauti za watu. Kila abiria huogopa peke yake, akidhani wenziwe wameridhika. Maandishi yanapokuwa mbele ya macho ya wote, mmoja husema, na wa pili na wa tatu humuunga mkono.

Faida ya kupunguza mwendo yaweza kupimwa kwa hesabu. Dereva anapoona hatari, hupita takriban sekunde moja na nusu kabla ya mguu wake kukanyaga breki. Gari nzito yenye breki nzima, ikienda kilomita 50 kwa saa katika barabara kavu, huhitaji kiasi cha mita 40 hadi kusimama. Ikienda kilomita 80 huhitaji zaidi ya mita 80. Mwendo haukuongezeka mara mbili, lakini masafa ya kusimama yameongezeka mara mbili. Aidha, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Mvua, mipira iliyokwisha na mzigo uliopindukia kiasi huzidisha masafa hayo.

Magari ya mchanga, mawe na saruji hayana abiria wa kukemea. Humo mwenye wajibu wa kusema ni utingo, na kabla yake mwenye gari anayempangia dereva idadi ya safari za siku. Kadhalika, afisa anayepanda gari ya Serikali asione kuwa kuchelewa mkutano ni udhuru wa kumhimiza dereva akimbize gari.

Kukanya si kutukana. Mzee akisema, "Mwanangu, punguza mwendo, humu mna watoto," hakumvunjia dereva heshima, na abiria wengine wasimuache aseme peke yake. Dereva naye anakumbushwa kuwa roho zilizomo garini ni amana mikononi mwake, na yake ni mojawapo.

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaombwa kuyazingatia maelezo haya kila wanapopanda gari. Neno la kumkanya dereva lina manufaa kabla ya ajali. Baada yake huwa ni ushahidi tu.