Herufi Nne, Maana Nyingi

Huko Jabe, Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani, watoto hutambua upesi kwamba herufi za "lima" hutoa pia "mali", "mila" na "imla". Kiingereza nacho kina mambo hayo: "stop" ni simama, "post" ni kituo cha mlinzi, "spot" ni mahali, "pots" ni vyungu. Jikoni kosa huchekesha. Kwa askari aliye zamu laweza kugharimu maisha. Wanajeshi wa Burundi waliopelekwa Somalia kuanzia Desemba 2007 walikihitaji Kiingereza kazini, na mwaka 2014 sheria ilikifanya lugha rasmi nchini. Basi wazazi, waandikieni watoto herufi hizo nne jioni, wazipange upya na kutaja maana. Robo saa yatosha, na wakubwa nao watajifunza.