Si kila uvimbe wa moyo ni saratani

Tuseme unafanya kazi Nairobi. Jioni moja unapigiwa simu kutoka nyumbani Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma. Mama mzee, ambaye amekuwa akiishiwa na pumzi, amepimwa moyo na picha imeonyesha donge karibu na vali. Usiku haujaingia na tayari ndugu wametamka neno saratani. Mmoja anauliza shamba litauzwa kwa bei gani.

Msomaji, usiuze shamba bado.

Vali za moyo ni kama milango inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Mmojawapo, vali ya mitrali, uko upande wa kushoto na umeshikiliwa na pete ya nyuzi imara. Kadiri umri unavyosonga, kalsiamu huweza kujikusanya kwenye pete hiyo na kuifanya iwe ngumu. Hali hii huonekana zaidi kwa wazee, hasa akina mama, na kwa wenye shinikizo la damu au maradhi ya figo.

Kwa watu wachache, kalsiamu hiyo hulainika ndani na kuwa kama dawa ya meno, huku ikizungukwa na ganda gumu. Hapo ndipo makosa hutokea. Kwenye eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, donge hilo hufanana na uvimbe au jipu. Wako wagonjwa waliopasuliwa kifua kuondolewa uvimbe, na daktari akakuta uji mweupe tu. Donge hili si saratani wala halienei mwilini.

Utalitambuaje? Daktari mzoefu huangalia mahali lilipo: kwa kawaida huwa kwenye pete, upande wa nyuma. Akiwa na shaka huagiza skani ya CT, ambayo huonyesha kalsiamu waziwazi. Huenda mgonjwa akapewa rufaa Kitale, au katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Safari hiyo ni nafuu kuliko upasuaji usiohitajika.

Wengi hawahitaji kupasuliwa. Hutibiwa shinikizo la damu na kurudi kupimwa mara kwa mara. Upasuaji hufikiriwa iwapo donge linaziba njia ya damu, vali inavuja sana, au vipande vimemeguka na kuleta kiharusi.

Hata hivyo, usipuuze. Uvimbe wa kweli wa moyo upo, na hata usio wa saratani huenda ukahitaji kuondolewa. Isitoshe, donge la kalsiamu mara nyingi halina dalili, kwa hivyo pumzi ya mama huenda inakatika kwa sababu nyingine, na ni lazima itafutwe.

Kabla ya kutia sahihi karatasi ya upasuaji, muulize daktari maswali mawili: Je, hii yaweza kuwa kalsiamu? Na ni kipimo gani kitakachotuhakikishia? Kuuliza si utovu wa adabu.